UZI: Mtoto mwenye ulemavu, kabla hajafika shule, ni wa serikali gani?

1/ Kila msimu wa siasa hapa Mlimani, kuanzia Othaya hadi Nanyuki, lazima mtu apande juu ya gari lenye spika aahidi "shule maalum ya kisasa" kwa watoto wenye ulemavu. Makofi yanapigwa. Kesho yake tunahamia huku mitandaoni: upande mmoja unasema kaunti imelala, mwingine unasema hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mzaliwa wa Mathira, na nimeona tukigombana juu ya hili mara nyingi bila kuuliza tulifikaje hapa. Leo wacha tupitie historia. Hutapata jina la mwanasiasa wala chama humu. Keti vizuri, uzi ni mrefu.

2/ Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Mtoto anaanza chekechea akiwa na miaka 4, shule ya msingi akiwa na 6. Lakini ulemavu mwingi wa utotoni unaanza mapema kuliko hapo. Kuna anayezaliwa na mgongo wazi au miguu iliyopinda. Kuna anayekosa hewa wakati wa kuzaliwa, anayepata manjano kali wiki ya kwanza, au anayeugua homa ya uti wa mgongo kabla ya mwaka mmoja. Hii miaka ya kwanza ndiyo ubongo unajijenga kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Huduma za mapema maana yake ni hii: kugundua tatizo haraka, kuanza mazoezi au matibabu, kupata kifaa kinachofaa, na kumfundisha mzazi cha kufanya nyumbani.

3/ Mifano miwili uone kwa nini saa inahesabika. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda akianza kufungwa plasta wiki za kwanza, ikibadilishwa kila wiki, mara nyingi mguu unanyooka ndani ya miezi michache, kisha anavaa viatu maalum usiku hadi karibu miaka 4. Mtoto asiyesikia, wataalamu wanashauri apimwe kabla ya mwezi 1, ithibitishwe kabla ya miezi 3, na familia ianze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Akiletwa akiwa na miaka 7, shule inapokea mtoto ambaye hajawahi kuwa na lugha yoyote, ya mdomo wala ya ishara. Hakuna darasa la kisasa linalorudisha miaka hiyo.

4/ Sasa historia. Huduma kwa watu wenye ulemavu Kenya zilianza na makanisa na mashirika ya hisani, si serikali. Salvation Army walianzisha shule ya wasioona Thika mwaka wa 1946. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianza 1958. Kwetu Mlimani ramani ya shule maalum bado inafanana na ramani ya misheni: Tumutumu kwa viziwi hapa Mathira, Kaaga kwa viziwi kule Meru, St. Lucy's kwa wasioona Igoji, St. Luke's kwa viziwi Embu. Kazi hiyo tusiidharau. Bila hao, watoto wengi hawangewahi kushika kitabu.

5/ Lakini angalia umbo lake. Nyingi ni shule za bweni, na zinapokea mtoto wa umri wa shule. Maana yake ni kwamba mtoto anatolewa nyumbani, anapelekwa mahali penye ujuzi. Ujuzi wenyewe haurudi kijijini. Mama anayebaki na kitinda mimba wa mwaka mmoja mwenye hali hiyo hiyo hajui zaidi ya alivyojua jana. Na pale kijijini alikuwa na maelezo mengine yanamsubiri: kwamba ni kirumi, laana ya mzee fulani, au ni upande wa akina mama ndio una shida. Baba wengi waliondoka kwa maelezo hayo. Wengine bado wanaondoka.

6/ Uhuru ulipokuja, serikali ilianza na watu wazima. Mwaka wa 1964 kulikuwa na kamati ya matunzo na urekebishaji wa walemavu, na 1968 ukatoka waraka wa bunge wa sera. Wazo kubwa lilikuwa kumfanya mlemavu aweze kujitegemea: ushonaji, useremala, ngozi. Ndiyo maana tuna vituo vya ufundi kama kile cha Embu na cha Muriranjas, Murang'a. Kwa nchi changa iliyotaka wafanyakazi, hesabu hiyo ilieleweka. Lakini mtoto wa miezi 8 asiyeweza kuketi hakuwa kwenye hesabu.

7/ Upande wa elimu, ripoti ya Ominde ya 1964 ilisema watoto wenye ulemavu mdogo wasome katika shule za kawaida. Kisha ikaja ripoti ya Gachathi ya 1976, na hapa naomba usome polepole. Ripoti hiyo ilipendekeza kuratibu utambuzi wa mapema na tathmini ya watoto hawa, kuelimisha umma kuhusu vyanzo vya ulemavu, na kuweka programu za watoto wadogo ndani ya shule maalum. Mwaka wa 1976! Kwa hivyo mtu akikuambia kwenye mdahalo kwamba huduma za mapema ni wazo jipya la wazungu, mwambie liko kwenye makabati ya serikali yetu kwa karibu nusu karne.

8/ Utekelezaji ulianza 1984, kwa msaada wa Denmark. Vilianzishwa vituo vya tathmini, vile ambavyo leo tunaviita EARC. Mwaka wa 1986 ikafuata taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalum, KISE, kule Kasarani. EARC lilikuwa wazo zuri sana. Badala ya mzazi kuzunguka nchi nzima, kungekuwa na ofisi karibu naye yenye mwalimu aliyefunzwa, anayepima mtoto, anayemshauri mzazi, na anayempeleka panapofaa: hospitali, shule, au fundi wa vifaa. Wilaya baada ya wilaya zikapata kituo.

9/ Shida iko wapi basi? Iko kwenye mahali mtoto huyu wa sera alizaliwa. Alizaliwa Wizara ya Elimu. Wapimaji ni walimu, wameajiriwa kama walimu, na wanaulizwa maswali ya kielimu: mtoto huyu aende shule gani? Kwa hivyo mzazi humpeleka mtoto EARC pale shule inapomkataa au mwalimu anaposema hamwelewi. Wakati huo mtoto ana miaka 5, 7, hata 10. Ofisi iliyobuniwa kugundua mapema ikawa mlango wa kuingilia shule.

10/ Na wakati wote huo kulikuwa na ofisi nyingine inayomwona mtoto mapema sana: kliniki. Hesabu ratiba ya chanjo. Siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Hizo ni mara 6 ambazo mtoto anawekwa mbele ya mhudumu wa afya kabla hajamaliza mwaka mmoja na nusu. Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji: lini atabasamu, lini ashike shingo, lini aketi, lini aseme neno. Uliza mama yeyote foleni ya kliniki Karatina ni kurasa gani hujazwa. Uzito na chanjo. Ule mwingine mara nyingi ni mweupe.

11/ Simlaumu nesi. Ana foleni ya akina mama hadi nje, na akijaza kwamba mtoto hajaketi mwezi wa 9, ampeleke wapi? Kwa tabibu wa viungo aliye peke yake mjini? Ukigundua bila kuwa na pa kumpeleka mtoto, umempa mzazi usingizi mbaya tu. Ndiyo maana wahudumu wengi husema "subiri, wengine huchelewa." Tata yangu, anayeuza mboga sokoni, aliambiwa hivyo mara tatu kuhusu binamu yangu, katika kituo ambacho sitakitaja. Mtoto alipimwa akiwa na miaka 3 na kuambiwa ana mtindio wa ubongo. Mazoezi ambayo angeanza akiwa na miezi 9 akayaanza wakati misuli imeshakaza.

12/ Turudi kwa historia. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na watoto wengi wenye ulemavu wakajitokeza shuleni. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya watu wenye ulemavu, iliyozaa baraza la kitaifa. Na ripoti ya kikosi kazi cha Kochung, tena mwaka huo huo, ilipendekeza nini? Kuimarisha EARC kwa bajeti na vifaa. Yaani miaka 19 baada ya vituo kuanza, bado tulikuwa tunaomba vipewe pesa. Sera ya 2009 ikarudia. Sera ya 2018 ikarudia. Ukiziweka mezani pamoja, utaona hatuna uhaba wa mapendekezo.

13/ Kisha 2010, Katiba. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na huduma za afya. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata taasisi za elimu na vifaa. Maneno mazuri. Lakini Jadwali la Nne likagawanya kazi. Afya katika kaunti: kaunti. Chekechea na vituo vya kulelea watoto: kaunti. Shule za msingi, shule maalum, walimu wa TSC, na hivyo EARC: serikali ya kitaifa. Pesa za Inua Jamii: kitaifa.

14/ Sasa mfuate mtoto mmoja wa Kieni. Anazaliwa hospitali ya kaunti. Anachanjwa zahanati ya kaunti. Kupimwa anatumwa EARC, ambayo ni ya kitaifa. EARC inasema anahitaji mazoezi ya viungo, arudi hospitali ya kaunti. Akifika miaka 4 anaenda chekechea ya kaunti, ambako mwalimu huenda hajafunzwa elimu maalum. Akifika miaka 6 anarudi kwa serikali ya kitaifa. Kadi ya ulemavu, kitaifa. Faili yake haisafiri naye. Kila mlango mama anaanza hadithi upya, na kila safari ni nauli na siku ya kibarua iliyopotea.

15/ Na mipaka yenyewe haijali jiografia. Mama wa Naro Moru yuko karibu zaidi na Nanyuki kuliko Nyeri mjini. Lakini Nanyuki ni Laikipia. Kwenye bajeti, yeye ni wa Nyeri. Kwenye matatu, yeye ni wa Nanyuki. Kaunti zetu za Mlimani zingeweza kukubaliana kugawana wataalamu wachache waliopo, maana Katiba inaruhusu serikali kushirikiana. Hilo sijawahi kulisikia likiahidiwa juu ya gari lenye spika, kwa sababu makubaliano hayana utepe wa kukata.

16/ Suala la takwimu nalo ni la kisiasa kabisa. Sensa ya 2019 ilisema watu 918,270 wana ulemavu, yaani asilimia 2.2. Embu ilikuwa juu kabisa nchini, asilimia 4.4, mara mbili ya wastani. Namba hizi hurushwa sana kwenye midahalo. Ambacho hakisemwi ni kwamba zinahusu watu wa miaka 5 na zaidi. Mtoto wa miaka 0 hadi 4 hayumo. Kwa hivyo mtu akisimama kwenye bunge la kaunti kuomba wataalamu wa watoto wachanga, hana hata mstari mmoja wa sensa wa kuonyesha. Anayepanga bajeti anamuuliza: watoto wangapi?

17/ Tunajua ni wengi kuliko tunavyodhani pale watafiti walipoenda nyumba kwa nyumba. Kilifi, utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta watoto 61 kati ya kila 1000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 wana tatizo la kati au kali la mfumo wa neva. Hiyo ni Pwani, na malaria inaongeza pale, kwa hivyo usiichukue namba hiyo uibandike Mukurwe-ini. Funzo ni la njia: ukingoja wazazi walete watoto, utahesabu wachache. Ukiwatembelea, utawaona.

18/ Wenzetu walifanyaje? Marekani nao walianza na umri wa shule: sheria ya 1975. Mwaka wa 1986 wakaongeza watoto wachanga hadi miaka 2. Nao wana serikali za majimbo na ile ya taifa, na ugomvi wa nani alipe. Suluhisho lao lililonivutia si pesa, kwa sababu hizo hatuna. Ni kwamba kila jimbo lililochukua fedha hizo lililazimika kutaja ofisi MOJA inayowajibika, kumpa kila mtoto mpango wa familia ulioandikwa, na kumteua mtu mmoja wa kuufuatilia. Mama ana jina na simu ya mtu mmoja. Majimbo yalichagua tofauti: mengine afya, mengine elimu. Cha muhimu ni kwamba lilikuwepo jibu.

19/ Tusiende mbali hivyo. Hapo Nyahururu, shirika la Kikatoliki la St. Martin limetumia watu wa kujitolea wa vijijini kuwatafuta na kuwatembelea watoto wenye ulemavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Halikuanza kwa kujenga jumba kubwa. Kijabe, kuanzia 1998, kuna hospitali ya upasuaji wa viungo vya watoto, na familia nyingi za Mlimani zimefika huko. Ujuzi upo nchini. Lakini yote mawili yameanzishwa na makanisa na wafadhili, kama ilivyokuwa 1946. Hapo ndipo swali la dola linapoingia.

20/ Tuwe wa haki kwa kila upande wa mdahalo. Wanaotaka shule maalum wana hoja: mtoto kiziwi anahitaji wenzake na walimu wanaojua lugha ya ishara, na shule nyingi za kawaida hazina hata choo anachoweza kuingia mtoto wa kiti cha magurudumu. Wanaotaka pesa mkononi wana hoja pia: zile shilingi 2,000 kwa mwezi za kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali, zilizoanza 2011, zinalipa nauli na unga. Wanaosema kaunti hazina pesa hawadanganyi, mgao huchelewa. Lakini hoja zote tatu zinaanza mtoto akiwa tayari amechelewa, au zinamwachia mama atafute huduma ambayo haipo.

21/ Kuna jambo moja limebadilika karibuni. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya kazi na simu, na posho yao inagawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Hebu fikiria hilo. Huyu ni mtu anayelipwa na serikali zote mbili, anayeingia boma lako bila kubisha sana kwa sababu ni jirani. Ndani ya mkoba ana mzani, kipima presha, kipimo cha mkono cha utapiamlo. Maswali kumi ya ukuaji wa mtoto hayahitaji mashine. Yanahitaji mafunzo, na mahali pa kumtuma mtoto jibu likiwa baya.

22/ Na sheria ya 2003 sasa imebadilishwa na mpya ya 2025. Tutasikia sana kuihusu. Maoni yangu, unaweza kuyapinga: sheria ya nne au ya tano haitasaidia mtoto wa miezi 9 kama hakuna ofisi moja yenye jina lake. Ningependelea iwe afya ya kaunti, kwa sababu ndiyo inayomwona kwanza, na EARC ipewe kazi ya kukaa naye kliniki siku moja kwa wiki badala ya kumngoja ofisini. Najua atakayesema TSC na kaunti haziwezi kukaa meza moja. Posho ya wahudumu imeonyesha serikali mbili zinaweza kugawana bili zikitaka.

23/ Kwa hivyo wakati ujao mtu akiahidi shule maalum kule Chaka au Mweiga, usimzomee. Muulize haya. Mtoto asiyeketi mwezi wa 9, nesi atamtuma kwa nani, na mtu huyo yuko umbali gani? Kaunti ina matabibu wangapi wa viungo na wa usemi kwa watoto? EARC yetu ilipewa shilingi ngapi mwaka jana, na gari lake linatembea? Walimu wa chekechea wangapi wamefunzwa? Nani anashika faili ya mtoto akitoka zahanati kwenda EARC? Anayejua majibu, hata kama hupendi rangi zake, msikilize.

24/ Na usingoje kampeni. Kisheria mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka unafikishwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya maoni ya wananchi, na kwa kawaida waliojaa mle ni wanaotaka lami na mabomba ya maji. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa saa nne akingoja kipaza sauti. Wewe una simu na miguu. Andika ukurasa mmoja, peleka kwa karani, upigwe muhuri, ubaki na nakala.

25/ Nimemaliza. Kama wewe ni mzazi, nesi au mwalimu wa EARC hapa Mlimani, tuambie hapa chini mtoto aligunduliwa akiwa na umri gani na alitumwa wapi. Usiweke jina la mtoto wala la kituo, weka umri na kaunti tu. Nitakusanya majibu niyapange kaunti kwa kaunti, kisha niyapeleke kwenye kikao kijacho cha bajeti cha Nyeri. Sensa haikuwahesabu wa chini ya miaka 5, wacha tuanze sisi.